Nchi Ina Ghasia na Safari Haiahirishiki: Ndege au Basi, Hoteli au kwa Ndugu?

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Nairobi siku za maandamano huwauliza madereva swali moja tu: njia inapitika? Akijibiwa inapitika, anakata tiketi. Swali hilo linahusu kuingia, na kuingia katika nchi yenye ghasia si kazi kubwa. Ndege zinatua, mabasi yanaondoka Mbezi Luis alfajiri kama kawaida, na ofisa uhamiaji wa mpakani anagonga muhuri bila kukuuliza kama unajua unakokwenda. Tabu iko kwenye kutoka. Kwa hiyo hapa kila chaguo, kuanzia usafiri hadi bima, limepimwa kwa kipimo kimoja: ukilazimika kuondoka kesho asubuhi, uwanja wa ndege umefungwa na intaneti imezimwa, utatokaje?

Ghasia zenye tarehe na zisizo na tarehe

Kabla ya kulinganisha chochote, jua unakwenda kwenye ghasia za namna gani, maana uamuzi unaofaa Nairobi unaweza kukuponza Goma.

Zipo ghasia zenye kalenda. Maandamano ya Kenya ya Juni 2024 ya kupinga Muswada wa Fedha yalipangwa Jumanne na Alhamisi, na tarehe zilienea mitandaoni mapema. Jumanne ya Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni. Mwaka uliofuata Juni 25 ikawa siku ya kumbukumbu yenye vurugu zake, na Julai 7, siku ya Saba Saba, polisi wakaziba barabara kuu zinazoingia katikati ya Nairobi tangu alfajiri. Msumbiji nayo, baada ya uchaguzi wa Oktoba 9, 2024, ilikwenda hivyo hivyo. Venâncio Mondlane, mgombea urais wa upinzani, alitangaza maandamano kwa awamu kupitia Facebook, na yeyote aliyefuatilia habari alijua kwamba uamuzi wa Baraza la Katiba, uliotolewa Desemba 23, ungewasha moto upya. Uliwasha. Ghasia za namna hii unaweza kuzipisha.

Zipo zinazosogea. Goma, mashariki mwa Kongo, haikuanguka ghafla. Waasi wa M23 waliizunguka kwa muda mrefu, mji jirani wa Sake ukachukuliwa siku chache kabla, na mwishoni mwa Januari 2025 mji wenyewe ukaenda. Bukavu ikafuata Februari. Aliyekuwa anafuata majina ya miji kwenye ramani aliona vita vinakuja.

Na zipo zisizobisha hodi. Khartoum, mji mkuu wa Sudan, Jumamosi ya Aprili 15, 2023, Ramadhani ikielekea ukingoni, watu waliamshwa na mizinga. Uwanja wa ndege ukawa uwanja wa vita tangu saa za kwanza na ndege za abiria ziliungua zikiwa zimeegeshwa. Ugomvi wa majenerali wawili ulikuwa unajulikana kwa wiki kadhaa, ila siku yenyewe hakuna aliyeitangaza. Ukiona nchi ina majeshi mawili yenye silaha nzito ndani ya mji mmoja na wakuu wake hawaelewani, usitafute njia salama ya kwenda. Ahirisha.

Jambo jingine: pima mji, usipime nchi. Lubumbashi na Goma ziko Kongo zote mbili, na kati yake kuna zaidi ya kilomita 1,000. Mtu anayemzuia ndugu yake kwenda Lubumbashi kwa sababu ya habari za Goma anamwogopesha bure. Na anayekwenda Goma kwa kuwa jamaa yake amerudi salama Lubumbashi anajidanganya vibaya zaidi.

Kwenda au kusogeza tarehe

Kwa ghasia zenye kalenda, kusogeza safari kwa siku mbili au tatu ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote. Faini ya kubadili tarehe ya tiketi inauma, lakini linganisha na siku tatu za hoteli usiyotoka nje, duka ulilofuata limefungwa na mwenye mzigo hapokei simu.

Kosa linalorudiwa ni kufika siku moja kabla ya tarehe mbaya, kwa hesabu kwamba "nitakuwa nimeshaingia". Umeingia ndiyo, umeingia mtegoni. Fika siku mbili baada ya tukio, na angalia kama kuna mazishi ya waliouawa, kwa sababu mazishi huzaa wimbi la pili. Tarehe za kuandika pembeni ni hizi: kutangazwa kwa matokeo, hukumu ya kesi ya uchaguzi, kusomwa na kupitishwa kwa bajeti, kumbukumbu ya mauaji ya mwaka uliopita.

Kwa msiba hesabu ni ngumu, tunajua, na ndugu hawataki kusikia habari za kalenda. Lakini rambirambi hupita kwenye simu, na msiba una arobaini. Mwanafunzi anayewahi usajili wa chuo aombe barua ya kuongezewa muda kabla ya kukata tiketi. Vyuo vilivyo katika miji yenye vurugu vimezoea maombi hayo. Mzigo wa biashara unaweza kushughulikiwa na wakala. Ukipitia sababu zako moja moja namna hii, utakuta zile zinazokutaka uende mwenyewe, wiki hii hii, ni chache.

Ndege au basi

Hapa jibu hubadilika kwa kila mji, kwa hiyo tuchukue mitatu ambayo watu wa Dar huiendea sana.

*Nairobi.* Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Kwa basi kupitia Chalinze, Segera, Moshi, Arusha na Namanga ni safari ya kutwa nzima na zaidi. Ubaya wa basi si urefu wake, ni mwisho wake. Mabasi mengi ya kuvuka mpaka humalizia eneo la River Road na Accra Road, katikati ya jiji, mahali pale pale ambapo mabomu ya machozi hupigwa na maduka kuvunjwa, na mara nyingi hufika usiku. Kushuka kabla ya jiji kunasikika vizuri ila hakujatulia: Mlolongo na Kitengela zenyewe zimewahi kuwaka, na Julai 2023 waandamanaji waliharibu miundombinu ya barabara ya kulipia pale Mlolongo. Uzuri wa basi ni kwamba unaweza kughairi. Ukifika Arusha ukasikia kuna kitu, unalala Arusha. Ndege haina Arusha.

Ndege inakufikisha nje ya jiji mchana, na unaweza kulala jirani na uwanja bila kuukanyaga mtaa wenye vurugu. Lakini uwanja nao hufungwa, na si lazima kwa risasi: Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi kwa kampuni ya Adani, na abiria wakakwama na mabegi yao. Kwa Nairobi basi ushauri wetu ni kuingia kwa ndege na kuiweka barabara ya Namanga, kama kilomita 160, kuwa mlango wa nyuma. Nauli ya kufika Namanga na kutoka hapo hadi Arusha ikae mfukoni kwa noti, isiguswe. Anayekwenda Mombasa ana nafuu zaidi, kwa kuwa Lunga Lunga na Horohoro ziko karibu na ukishavuka uko Tanga.

*Maputo.* Hapa hakuna mjadala, ni ndege, na mara nyingi utapitia Nairobi au Johannesburg. Njia ya nchi kavu kupitia Mtwara na Daraja la Umoja pale Mtambaswala inakuingiza Cabo Delgado, jimbo ambalo limekuwa na mashambulizi ya wanamgambo tangu Oktoba 2017, mji wa Palma ukiwemo Machi 2021. Anayekwenda kusini kukwepa vurugu za uchaguzi asipite kaskazini penye vita. Mlango wa nyuma wa Maputo uko magharibi: Ressano Garcia kuingia Afrika Kusini, kama kilomita 90. Tatizo ni kwamba mlango huu ulifungwa mara kadhaa Novemba na Desemba 2024, na malori yakajaa barabarani. Wa akiba ni Namaacha au Goba kuingia Eswatini. Mtu wa kwenda Maputo azijue njia zote mbili kwa majina, si kwa alama ya simu, na ahakikishe kabla ya kuondoka Dar kwamba pasipoti yake inamruhusu kuingia nchi hizo mbili.

*Lubumbashi.* Madereva wa malori huenda kwa Tunduma, Nakonde, kisha Zambia hadi Kasumbalesa. Kwa abiria, ndege ni bora kwa kuingia, na Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka mjini, ni mlango mzuri wa kutokea kwa sababu upande wa pili ni Zambia iliyotulia. Udhaifu wake ni foleni: madereva wakigoma au mpaka ukifungwa, malori hupanga mstari wa kilomita nyingi na gari dogo halipiti. Kuvuka kwa miguu na begi moja la mgongoni huwezekana pale ambapo gari limeshindikana. Ndiyo maana masanduku mawili ya magurudumu hayafai kwenye safari hizi. Na usisahau cheti cha homa ya manjano. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuichoma siku ya kuondoka ni sawa na kutochoma. Ukishaipata, tangu 2016 cheti hakiishi muda.

Kwa mji wowote, ukichagua ndege, chagua njia yenye mashirika mawili au zaidi, tiketi ya kwenda na kurudi inayobadilika tarehe, na ndege inayotua kabla ya saa nane mchana. Ukitua saa kumi na mbili jioni, mizigo ikachelewa, unaanza kutafuta teksi wakati amri ya kutotoka nje inaanza kufanya kazi. Ukichagua gari, tangi lisishuke chini ya nusu hata siku moja. Ukiona kundi la watu mbele, geuza ukiwa mbali, usisubiri kuwafikia. Usijibanze nyuma ya gari la jeshi kwa kudhani linakulinda, maana gari la jeshi ndilo linalolengwa.

Bodaboda? Inapenya vizuizi ambavyo teksi haipenyi, na kwa mwendo mfupi mchana inafaa. Lakini haina mlango wa kufunga, na kwenye kizuizi cha vijana ndiyo rahisi kuporwa. Kwenye barabara za Msumbiji vijana walioweka mawe barabarani walikuwa wakidai chochote kabla ya kufungua. Noti ndogo ndogo kwenye mfuko wa shati zilimaliza mazungumzo. Pochi nene usiitoe.

Pasipoti au hati ya dharura

Hati ya dharura ya safari ni ya haraka na ya bei nafuu, na kwa kwenda Nairobi na kurudi siku za amani inatosha. Kwa nchi yenye ghasia haitoshi. Sababu ni ile ile ya mlango wa nyuma: huenda ukalazimika kutokea nchi ya tatu uliyokuwa hukuipanga, na hati hiyo haikubaliki kila mahali. Watanzania waliokuwa Khartoum mwaka 2023, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa barabara hadi Ethiopia ndipo wakapanda ndege.

Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita na kurasa tupu. Na ikae na wewe. Khartoum kulikuwa na watu waliokuwa wameacha pasipoti kwenye balozi za kigeni wakisubiri viza. Vita vilipoanza, maofisa wa balozi waliondoka na pasipoti zikabaki ndani ya majengo yaliyofungwa. Mhudumu wa hoteli akitaka kubaki nayo kaunta, mpe nakala.

Hoteli au kwa ndugu

Hapa ndipo Mtanzania hukosea kwa sababu ya utamaduni mwema. Kulala hotelini wakati shangazi yupo mjini ni kama tusi, basi mtu anakwenda kwa shangazi hata kama nyumba iko kwenye mtaa ambao matairi huchomwa kila Jumanne. Linganisha bila haya.

Nyumba ya ndugu ina majirani wanaokujua, jiko, akiba ya unga, na mtu anayesoma dalili za mtaa kuliko mwandishi yeyote wa habari. Siku ya tatu ya kujifungia, hoteli inaishiwa chakula, nyumba yenye gunia la mchele haiishiwi. Hoteli ina jenereta, tangi kubwa la maji, walinzi, na mara nyingi watu wengine wa nje ambao balozi zao zitawafuata. Lakini hoteli kubwa ya katikati ya jiji, yenye bendera na mikutano ya serikali, huvuta waandamanaji na waandishi kwa pamoja. Hoteli ya kati iliyo kando ya barabara ya uwanja wa ndege ni bora kuliko ile ya kifahari iliyotazamana na bunge.

Kanuni tunayoitumia: ghasia zenye tarehe na safari ya siku tatu nne, hoteli nje ya katikati ya jiji. Safari ndefu, au mji ambao dalili zake ni za vita vinavyosogea, kwa ndugu, ila tu kama nyumba haiko jirani na kambi ya jeshi, kituo cha polisi, ofisi ya chama, kituo cha redio au daraja. Hivyo vitano ndivyo vinavyogombaniwa kwanza. Shangazi akiwa jirani na kimojawapo, mpelekee zawadi mchana ukalale kwingine.

Ukichukua chumba, omba ghorofa ya pili hadi ya nne, upande usiotazama barabara. Ya chini ni rahisi kuvamiwa. Ya juu sana ni taabu kwa moto, na lifti haitumiki umeme ukikatika. Siku ya kwanza tembea ngazi za dharura hadi chini uone kama mlango unafunguka au umefungwa kufuli. Ni kazi ya dakika tano, na huo mlango uliofungwa kufuli utaukuta mara nyingi kuliko unavyodhani.

Noti, simu au kadi

Noti hushinda, bila ushindani. Siku ya vurugu wakala wa pesa za simu anafunga duka mapema kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye mwenye fedha taslimu. Tena M-Pesa yako ya Tanzania huwezi kuitolea kwa wakala wa Kenya; unahitaji laini ya huko iliyosajiliwa kwa pasipoti yako, ndipo mtu wa Dar akutumie. Isajili siku ya kwanza, si siku ya shida. Kadi nyingi za kimataifa Sudan hazikuwa zinafanya kazi hata kabla ya vita, matokeo ya vikwazo vya miaka mingi. Goma ilipochukuliwa, benki zilifunga na hazikufunguliwa kwa muda mrefu.

Kiasi cha kubeba kipige hivi: nauli ya njia mbili tofauti za kutokea, ukijua bei hupanda mara kadhaa siku ya kukimbia, jumlisha chakula cha siku 10. Gawanya sehemu tatu: mwilini, kwenye begi, na kidogo kwenye pochi ya geresha utakayoitoa ukiporwa. Dola za kupeleka Kongo ziwe mpya na zisizo na mchaniko hata wa nukta. Noti iliyochanika pembeni kidogo tu hukataliwa sokoni, na kubembeleza hakusaidii. Changanya za 1, 5, 10 na 20. Ukibeba dola 10,000 au zaidi, zitangaze forodhani unapotoka.

Laini ya Dar, laini ya huko, au simu ya satelaiti

Beba mbili za kwanza. Laini ya Dar ibaki hewani kwa ujumbe wa benki na ili ndugu wakupate kwa namba wanayoijua. Ya huko ni ya mazungumzo ya kila siku, na ikiwezekana ziwe mbili za kampuni tofauti, kwa maana minara ya kampuni moja inaweza kufa ya jirani ikabaki.

Aliyekuwa Dar tangu Oktoba 29, 2025 hahitaji kuelezwa intaneti ikizimwa inakuwaje. Kinachobaki mara nyingi ni simu ya kawaida na ujumbe mfupi. Kwa hiyo namba ziandike kwenye karatasi: ubalozi, ndugu, dereva, hoteli. Pakua ramani ya mji na ya barabara ya mpakani zifanye kazi bila mtandao. VPN husaidia pale ambapo WhatsApp au X imezuiwa peke yake. Data ikikatwa kabisa, VPN haina la kufanya. Redio ndogo ya FM yenye betri ni kifaa cha kizamani kinachodharauliwa bure. Kongo, Radio Okapi hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za huko, Kiswahili ikiwemo.

Simu ya satelaiti tusiipambe. Inahitaji kuona anga, katika baadhi ya nchi inahitaji kibali, na kwenye kizuizi cha wenye silaha inakufanya uonekane jasusi. Kwa mfanyabiashara au mwanafunzi, iache.

Simu unayobeba ndiyo itakayopekuliwa kizuizini. Toka kwenye magrupu ya siasa, futa picha za maandamano na za askari, na usirekodi chochote dirishani. Benki ya umeme (power bank) ya mAh 20,000 inaruhusiwa kwenye begi la mkononi ndani ya ndege. Juu ya mAh 27,000 hivi utaulizwa.

Na usidhani Kiswahili ni kinga. Mashariki mwa Kongo kila mtu atakuelewa, na lafudhi ya Dar itajulikana kwa sentensi ya kwanza. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa katika kikosi cha SADC kilichopelekwa kuisaidia serikali ya Kongo dhidi ya M23 kuanzia Desemba 2023, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi. Machoni mwa mtu mwenye bunduki, wewe si mgeni asiye na upande. Jibu ulichoulizwa, kwa heshima, kwa ufupi.

Bima

Bima nyingi za safari zinazouzwa Dar zimeandikwa kwa ajili ya viza ya Ulaya. Soma mambo manne kabla ya kulipa: nchi unayokwenda imo? Sehemu ya yasiyolipwa inataja vita, uasi na ghasia za raia? Kuna kifungu kinachobatilisha bima ikiwa serikali ilikwisha kuonya watu wasiende? Kusafirishwa kwa matibabu kumo, na nani anaamua? Bima nyingi zitakujibu vibaya kwenye swali la pili. Zipo zinazolipa ukikutwa na ghasia bila kushiriki, kwa siku chache tu tangu zianze, na hazilipi kama zilikuwa zimeanza kabla hujanunua. Kama huipati ya namna hiyo, nunua ya kawaida kwa ajali na malaria, na ujue kwamba kwa ghasia bima yako ni zile noti.

Kuondoka au kujifungia

Uamuzi huu ufanywe Dar, kwa maandishi, kabla hofu haijaingia. Chagua dalili zako. Zinazofaa ni hizi: moja ya njia zako mbili za kutokea imefungwa, ubalozi wowote unaondoa familia za maofisa wake, foleni za mafuta zimezidi siku moja, benki zinaweka kikomo cha kutoa, majirani wenye watoto wanapakia magari. Zikitimia mbili, ondoka siku hiyo hiyo, mchana, usingoje kumalizia mzigo. Wengi hukwama kwa kusubiri kitu kidogo, stakabadhi au mtu aliyesema anakuja kesho.

Risasi zikishaanza kwenye mtaa wako, hesabu inageuka: jifungie. Kaa chumba ambacho kati yako na barabara kuna kuta mbili za tofali au zege, mara nyingi ni korido au bafu. Mlango wa gari hauzuii risasi, wala dirisha lenye pazia. Lala chini, usichungulie; risasi ya kupotea humpata anayechungulia. Moshi wa machozi ukiingia, zima feni na kiyoyozi, ziba chini ya mlango kwa taulo mbichi, osha macho kwa maji safi mengi, usiyafikiche. Anayevaa lenzi za macho azitoe kabla.

Maji ni lita tatu kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Ushauri wa saa 72 unaoonekana kwenye vipeperushi hautoshi: Khartoum vita vilianza Aprili 15, na waliotolewa na serikali ya Tanzania walifika nyumbani mwishoni mwa mwezi. Weka hesabu ya siku 10, yaani lita 30 kwa mtu. Ndoo mbili za lita 20 zijazwe kila jioni, umeme ungali upo, na vidonge vya kutibu maji viwe kwenye begi. Humo humo weka dawa zako za wiki mbili, chumvi ya kurudisha maji mwilini, tochi, viatu vya kufunga, nakala za pasipoti na picha ndogo nne. Nguo zisiwe za kaki wala za madoa ya kijeshi. Katika baadhi ya nchi kuzivaa tu ni kosa.

Kwenye kizuizi usiku, zima taa kubwa, washa ya ndani, shusha kioo kidogo, mikono juu ya usukani au mapajani. Usiingize mkono mfukoni bila kusema kwanza unachotoa.

Mtu wa Dar

Ubalozi au kikundi cha WhatsApp cha familia? Vyote viwili, ila havifanyi kazi moja. Ubalozi upewe siku ya kufika jina kamili, namba ya pasipoti, anwani ya mahali unapolala kwa maelezo ya mtaa, namba zako zote na za ndugu mmoja Tanzania. Tanzania ina ubalozi Nairobi, Maputo na Kinshasa, na ubalozi mdogo Mombasa na Lubumbashi. Kikundi cha familia kina watu 30, kila mmoja anadhani mwingine amepiga simu.

Chagua mtu mmoja. Mwachie nakala ya pasipoti, ya tiketi, majina ya mipaka yako miwili kwa mpangilio, na kiasi cha fedha anachoruhusiwa kukutumia bila kuuliza. Mkubaliane saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, ujumbe mfupi wa neno moja. Ukikosekana mara moja, asubiri. Ukikosekana mara mbili mfululizo, apige hoteli au nyumba unayolala. Ikipita saa 24, apige ubalozi na Wizara ya Mambo ya Nje, akiwa na namba ya pasipoti mkononi, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza atakachoulizwa.